Kutoka Mvuke hadi Dizeli: Historia ya Lugha ya Presha ya Oili katika Injini za Meli za Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Kushuka kwa presha ya oili katika injini kuukuu ya dizeli ni miongoni mwa dalili ambazo fundi wa meli hatakiwi kuzichelewesha. Hata hivyo, dalili hiyo husimuliwa kwa Kiswahili kwa maneno yaliyorithiwa kutoka nyakati na mazingira tofauti: chumba cha boila, hospitali, soko la mafuta na shule ya fizikia. Makala haya yanafuatilia historia hiyo kwa kutumia mfano wa meli ya Liemba, ambayo imehama kutoka mvuke kwenda dizeli ikiwa katika ziwa moja linalopakana na nchi 4. Hoja kuu ni kwamba tatizo la lugha ya ufundi wa meli si uhaba wa istilahi. Tatizo ni sentensi zinazobeba maana mbili pale ambapo uchunguzi unahitaji moja. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza seti ndogo ya sentensi sanifu za chumba cha injini kwa vyombo vya majini vya ukanda huu.

1.0 Utangulizi

Mijadala ya ukuzaji wa Kiswahili katika sayansi na teknolojia kwa kawaida huanza na orodha. Huulizwa ni maneno mangapi ya uhandisi yamepata visawe na ni mangapi bado yanasubiri. Kazi hiyo ina thamani yake. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa nchini Tanzania mwaka 1967, lilichapisha orodha za Tafsiri Sanifu kuanzia miaka ya 1970, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kutokana na juhudi hizo, mwanafunzi anaweza leo kuzungumzia kani, kanieneo na mnato bila kuazima neno.

Lakini fundi aliye chini ya sitaha hazungumzi kwa orodha. Huzungumza kwa sentensi, mara nyingi kwa sauti ya juu kuishinda kelele ya injini, na aghalabu kwa mtu anayempokea zamu. Sentensi yake ikieleweka vibaya, kosa haliishii kwenye karatasi. Kwa sababu hiyo, chumba cha injini ni mahali pazuri pa kupimia kama lugha imekomaa kiufundi. Makala haya yanachagua dalili moja tu, yaani kushuka kwa presha ya oili, na kuichunguza kihistoria: ilianzaje kuwa dalili, hutafsiriwaje na fundi, na Kiswahili kinaibeba kwa maneno gani.

2.0 Liemba: Meli Moja, Injini za Zama Tofauti

Liemba inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu umri wake unaunganisha zama mbili za ufundi. Ilijengwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer Werft mjini Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen. Baada ya kuundwa ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika takriban masanduku 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo ikapelekwa kwa Reli ya Kati iliyokuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Ilishushwa majini Februari 1915, vita vikiwa vimeshaanza.

Mwezi Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma, meli hiyo ilizamishwa kwa makusudi karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka injini tabaka nene la grisi, kwa matumaini kwamba siku moja ingeibuliwa. Waingereza waliiibua mwaka 1924 na kukuta mitambo yake ingali na uhai. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo David Livingstone aliliandika alipofika sehemu ya kusini ya ziwa hilo. Uamuzi wa kuzipaka injini grisi unaonesha kwamba waliofanya kazi na mashine hizo walijua vizuri adui wa chuma ni nani. Tabaka la mafuta kati ya chuma na chochote kinachoweza kukiharibu, kiwe maji au chuma kingine, ndilo linalogawa uhai na kifo cha injini.

Liemba iliendelea kutumia mvuke hadi miaka ya 1970, ilipofungwa injini za dizeli. Katika matengenezo ya miaka ya 1990 injini hizo nazo zilibadilishwa. Usimamizi wake pia ulihama kutoka mikono ya ukoloni wa Uingereza hadi shirika la reli la Afrika Mashariki, kisha, baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, hadi Shirika la Reli Tanzania, na baadaye hadi kampuni ya umma ya huduma za meli. Kila badiliko la injini lilileta vitabu vipya vya maelekezo na geji mpya. Kilichobaki bila kubadilishwa rasmi ni lugha ya mabaharia wenyewe.

3.0 Presha ya Mvuke na Presha ya Oili

Ili kuelewa mzizi wa utata, ni lazima kutofautisha mifumo miwili ya ulainishaji. Injini ya mvuke ya meli za zamani ilikuwa ya wazi. Krenki na konrodi zake zilionekana zikizunguka. Oili ilitiwa kwa vikombe vidogo, kwa tambi zilizoidondosha tone baada ya tone, au kwa mkono wa baharia mwenye kopo lenye mdomo mrefu. Baharia huyo alipitia beringi moja baada ya nyingine na kuzigusa kwa vidole. Beringi yenye joto lisilo la kawaida ilijitambulisha kwa kiganja. Oili iliyotumika haikurudi tena kwenye mzunguko. Ilidondoka na kwisha. Katika mfumo huo hakukuwa na presha ya oili ya kupimwa.

Presha iliyopimwa ilikuwa ya mvuke. Geji yake, ya aina iliyobuniwa na Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849, ndiyo iliyotawala macho ya kila aliyekuwa zamu. Presha ya mvuke ikishuka, meli ilipunguza mwendo, na tiba yake ilijulikana: ongeza kuni au makaa. Presha ikipanda kupita kiasi, hapo ndipo palipokuwa na hatari ya boila kupasuka, na vali ya usalama iliwekwa kwa ajili hiyo. Kwa ufupi, zama za mvuke zilifundisha kanuni mbili: kupanda kwa presha ni hatari, na kushuka kwa presha ni kero inayotibika kwa kuongeza kitu.

Ulainishaji wa kulazimishwa, ambapo pampu husukuma oili hadi ndani ya beringi, ulianza katika injini za mvuke za kasi. Mwaka 1890 Albert Charles Pain, wa kampuni ya Belliss mjini Birmingham, alipata hataza ya mfumo huo. Miaka michache kabla, mwaka 1883, Beauchamp Tower alikuwa amegundua kwa majaribio kwamba mhimili unaozunguka hujijengea utando wa oili wenye presha kubwa, na mwaka 1886 Osborne Reynolds akaeleza kwa hesabu jinsi utando huo unavyobeba uzito. Injini ya Rudolf Diesel ilifaulu majaribio yake mjini Augsburg mwaka 1897, na mwaka 1912 meli ya Kidenmaki ya Selandia ilionesha kwamba dizeli inaweza kuvuka bahari kuu. Injini za dizeli za meli zilizofuata zilitegemea oili inayozungushwa kwa pampu ndani ya mwili uliofungwa. Kiganja cha baharia hakikuweza tena kufika kwenye beringi. Mahali pake pakachukuliwa na sindano ya geji.

Hapa ndipo kanuni zilipogeuka. Katika dizeli, presha ya oili ikishuka ghafla, tiba si kuongeza kitu huku safari ikiendelea. Tiba ni kupunguza mzigo na kuzima injini kabla utando wa oili haujakatika na chuma kuanza kula chuma. Kushuka, ambako zamani kulikuwa kero, sasa ndiko hatari yenyewe. Neno likabaki presha, na geji ikabaki na umbo lilelile la duara na sindano, lakini maana ya sindano kushuka ikawa kinyume cha ile ya awali.

4.0 Mantiki ya Uchunguzi wa Fundi

Fundi anayechunguza presha ndogo katika injini kuukuu huongozwa na kanuni moja ambayo si rahisi kuiona kwa mara ya kwanza: pampu haitengenezi presha. Pampu hutengeneza mtiririko. Presha huzaliwa pale mtiririko huo unapokutana na upinzani wa njia nyembamba kati ya beringi na mhimili. Kwa hiyo presha inaweza kushuka kwa sababu za makundi mawili: ama oili inayosukumwa ni pungufu, ama njia za kutokea zimekuwa pana au oili imekuwa nyepesi kiasi cha kupita bila kizuizi.

Kutokana na kanuni hiyo hupatikana mpangilio wa hatua, kutoka jambo rahisi kwenda jambo la gharama. Hatua ya kwanza ni kuitilia shaka geji yenyewe. Geji ya zamani huharibika, na bomba lake jembamba huweza kuziba; geji ya pili, iliyo nzima, hufungwa mahali palepale ili kulinganisha. Hatua hii hufanywa injini ikiwa haina mzigo, au baada ya kuzimwa, kwa kuwa kuishuku geji hakumruhusu mtu kuendelea na safari kana kwamba geji inasema uongo.

Hatua ya pili ni kupima kiasi cha oili katika sampu, yaani bakuli lililo chini ya injini. Kiasi kikiwa kidogo, mdomo wa kunyonya wa pampu unaweza kuvuta hewa, hasa meli inapoyumba. Lakini kiasi kikiwa kimeongezeka bila mtu kuongeza oili, hiyo ni habari mbaya zaidi: kuna kitu kingine kimeingia. Oili yenye rangi ya maziwa huashiria maji. Oili nyepesi yenye harufu ya dizeli huashiria kuvuja kwa mfumo wa kupulizia dizeli. Vyote viwili huidhoofisha oili.

Hatua ya tatu ni kusoma presha pamoja na joto. Injini ikiwa baridi, oili huwa nzito na presha huwa kubwa. Presha ikiwa nzuri asubuhi na kuanguka baada ya saa kadhaa za safari, macho huelekezwa kwenye oili isiyo ya daraja sahihi, kipoza oili kilichoziba, au beringi zilizolika. Presha ikiwa ndogo tangu injini ingali baridi, macho huelekezwa kwenye pampu, chujio la kunyonyea, au vali ya kupunguza presha iliyokwama wazi kwa uchafu au kwa springi iliyochoka.

Hatua ya nne ni chujio. Hapa mahali pa geji pana umuhimu mkubwa. Geji iliyofungwa kabla ya chujio inaweza kuonesha presha nzuri huku chujio limeziba na beringi zina njaa. Geji iliyofungwa baada ya chujio ndiyo inayosema kile kinachofika kwenye beringi. Tofauti kati ya geji mbili, moja kila upande, huonesha kiasi cha kuziba.

Hatua ya mwisho ni kufungua injini na kupima nafasi za beringi kuu na za konrodi. Katika njia nyembamba ya aina hii, oili inayopita hukua kwa kipeo cha tatu cha nafasi: nafasi ikiwa maradufu, mambo mengine yakibaki vilevile, oili inayovuja huwa mara 8. Ndiyo maana injini kuukuu inaweza kufanya kazi kwa miaka mingi huku presha yake ikipungua kidogo kidogo, kisha ikaporomoka katika kipindi kifupi. Ndiyo maana pia kutia oili nzito zaidi, au kukaza skrubu ya vali ili sindano ipande, ni kuificha dalili bila kugusa ugonjwa.

Mpangilio huu wote ni mnyororo wa maswali ya ama hili ama lile. Kila jibu huziba njia moja na kufungua nyingine. Mnyororo huo unadai lugha ambayo kila jibu lake lina maana moja.

5.0 Pale Sentensi Inapobeba Maana Mbili

Zichunguzwe sasa sentensi tatu za kawaida. Ya kwanza ni “oili imeshuka”. Kwa msemaji mmoja ina maana kwamba kiasi cha oili katika sampu kimepungua. Kwa mwingine ina maana kwamba presha yake imepungua. Tafsiri ya kwanza humwelekeza msikilizaji achukue dumu la oili na kuongeza. Tafsiri ya pili humwelekeza azime injini. Sentensi “oili iko chini” ina utata uleule. Kanuni ya zama za mvuke, kwamba kilichoshuka huongezwa, huipendelea tafsiri ya kwanza, ambayo ndiyo inayochelewesha hatua.

Ya pili ni “mafuta yameingia kwenye mafuta”. Neno mafuta katika Kiswahili hubeba mafuta ya kupikia, ya kupaka, ya taa, ya kuendeshea na ya kulainishia. Katika mazungumzo ya kila siku muktadha hutosha kuyatenganisha. Katika uchunguzi uliotajwa hapo juu, ambapo dizeli imechanganyika na oili, muktadha huanguka kwa sababu vitu viwili vinavyotakiwa kutofautishwa vinaitwa kwa jina moja. Hali hutatanisha zaidi ziwa linapovukwa. Mwambao wa Kigoma husema dizeli. Bujumbura na mwambao wa Kongo husikika neno mazutu, lililopitia Kifaransa. Injini ya upande mmoja ni moteri ya upande mwingine. Istilahi vilainishi, inayotumika katika lugha ya kiserikali nchini Tanzania, hujumuisha oili na grisi kwa pamoja, hivyo haimsaidii fundi anayetaka kutaja kitu kimoja mahususi. Maneno oili kwa upande mmoja, na dizeli au mazutu kwa upande mwingine, yanatosha kabisa kuondoa utata, mradi neno mafuta lisitumike peke yake.

Ya tatu ni “injini ina presha”. Katika Kiswahili cha mitaani, mtu akisemwa ana presha, huyo anaumwa shinikizo la juu la damu. Presha ikishuka baada ya dawa, ndugu hushukuru. Hivyo maisha ya nyumbani nayo huunga mkono kanuni ya boila: presha kubwa ni ugonjwa, presha kushuka ni nafuu. Baharia mpya huingia chumba cha injini akiwa na urithi huo kutoka pande mbili, na hakuna kitu katika neno lenyewe kinachomwonya kwamba presha ya oili hufuata kanuni iliyo kinyume.

Jibu la haraka la mwanaistilahi lingekuwa kulifuta neno presha na kuweka lililo sanifu. Lakini historia ya usanifishaji inaonesha kwamba dhana hii tayari ina maneno kadhaa, kila moja na makazi yake. Wataalamu wa hali ya hewa husema mgandamizo wa hewa. Wahudumu wa afya husema shinikizo la damu. Vitabu vya fizikia husema kanieneo, neno lililoundwa kwa ustadi kutokana na kani na eneo, ambalo linaeleza dhana kwa usahihi kuliko neno pressure la Kiingereza lenyewe. Kulipeleka kanieneo chumba cha injini kunawezekana darasani, lakini hakuondoi utata wa sentensi ya kwanza wala ya pili. Presha linaeleweka Kigoma, Bujumbura, Uvira, Kalemie na Mpulungu. Kinachohitajika ni kulifunga kwenye sentensi isiyoweza kusomwa vinginevyo.

6.0 Urithi wa Vipimo

Historia hiyo imeandikwa pia juu ya sura ya geji. Utamaduni wa Uingereza ulipima presha kwa ratili katika kila inchi ya mraba. Utamaduni wa bara la Ulaya ulipima kwa kilo katika kila sentimita ya mraba, na baadaye kwa bar. Vipimo vya kimataifa huongeza kilopaskali. Presha ileile ya bar 3 husomeka takriban 43.5 kwa kipimo cha Kiingereza, 3.06 kwa kipimo cha kilo, na 300 kwa kilopaskali. Meli iliyobadilishiwa injini zaidi ya mara moja, na vipuri vyake kutoka nchi mbalimbali, inaweza kuwa na geji za urithi tofauti zikitazamana katika chumba kimoja.

Fundi anayeandika katika daftari la zamu “presha 40” bila kutaja kipimo ameacha nusu ya habari. Fundi anayempokea na kusoma “presha 3” kwenye geji nyingine hawezi kujua kama presha imepanda, imeshuka au imebaki palepale. Kwa kuwa dalili muhimu zaidi ya kulika kwa beringi ni mwelekeo wa presha katika wiki na miezi, na si namba ya siku moja, daftari lisilo na kipimo linaifuta historia ya injini kabla haijasomwa. Daftari la zamu ni hati ya kihistoria: likiandikwa vizuri, huonesha anguko kabla halijatokea.

7.0 Athari kwa Sera

Uzito wa jambo hili huonekana pale meli moja inapokuwa njia pekee. Mwezi Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika katika kijiji cha Kagunga, kwenye mwambao wa Tanzania karibu na mpaka, mahali palipozungukwa na milima na panapofikika zaidi kwa maji. Kipindupindu kilikuwa kimezuka. Liemba, wakati huo ikiwa na umri wa miaka 100 tangu iliposhushwa majini, ilitumiwa kuwahamishia Kigoma, mamia kwa kila safari. Katika mazingira ya namna hiyo, injini inayozimwa kwa wakati, ikachunguzwa na kuendelea, na injini inayoharibika kwa sababu sentensi moja ilieleweka vibaya, haziachi matokeo sawa nchi kavu.

Sekta ya majini tayari ina mfano wa kuigwa. Mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini lilipitisha seti ya sentensi sanifu za mawasiliano ya baharini kwa Kiingereza. Msingi wake haukuwa kuwafundisha mabaharia Kiingereza chote, bali kuhakikisha kwamba amri na taarifa chache za hatari zina umbo moja na maana moja. Hakuna sababu ya kitaalamu inayozuia jambo hilo kufanyika kwa Kiswahili kwa ajili ya maziwa ya ndani.

Msingi wa kisheria nao upo. Tanzania, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo viongozi wake waliamua mwaka 2021 kwamba Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha zake rasmi. Zambia haimo katika Jumuiya hiyo, lakini imo katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, iliyokikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019. Kwa hiyo hakuna nchi hata moja inayopakana na Ziwa Tanganyika iliyo nje ya chombo cha kikanda kinachokitambua Kiswahili.

Makala haya yanapendekeza mambo manne. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na Baraza la Kiswahili la Taifa na mamlaka za usalama wa majini za nchi husika, iandae seti fupi ya sentensi za chumba cha injini. Kwa dalili iliyojadiliwa hapa, sentensi kama hizi zingetosha:

“Presha ya oili imeshuka. Zima injini.”
“Kiasi cha oili kimepungua kwenye sampu.”
“Kiasi cha oili kimeongezeka, hakuna aliyeongeza.”
“Dizeli imeingia kwenye oili.”
“Maji yameingia kwenye oili.”
“Presha ni nzuri oili ikiwa baridi, inashuka oili ikipata moto.”

Neno mafuta halimo katika sentensi hizo, na kitenzi kushuka kimetengewa presha peke yake. Pale ambapo mazutu ndilo neno la wenyeji, liandikwe sambamba na dizeli badala ya kupigwa marufuku.

Pili, daftari la zamu liwe na safu maalumu za presha, kipimo chake, joto la oili na saa ya kusoma, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kitabu cha mtengenezaji. Tatu, vyuo vya mabaharia, kikiwamo Chuo cha Bahari Dar es Salaam, vifundishe historia ya geji pamoja na matumizi yake, ili mwanafunzi aelewe kwa nini kushuka kwa presha ya oili hakufanani na kushuka kwa presha ya boila. Nne, sentensi zijaribiwe kwa wasikilizaji wa miambao yote minne kabla ya kuidhinishwa. Sentensi inayoeleweka Kigoma tu bado haijasanifishwa kwa ajili ya ziwa.

Inaweza kupingwa kwamba mafundi wanaelewana vya kutosha na kwamba maneno mengi wanayoyatumia ni ya kigeni hata hivyo. Hoja ya kwanza ni kweli kwa mafundi waliofanya kazi pamoja kwa miaka mingi, lakini kuelewana huko huondoka nao wanapostaafu. Hoja ya pili haina uzito. Bomba limetokana na Kireno na meli na barua za Kiingereza zilizosafirishwa kwa maji, na hakuna anayeyaona leo kuwa mageni. Asili ya neno haijawahi kuharibu beringi.

8.0 Hitimisho

Historia ya presha ya oili katika injini za Ziwa Tanganyika inaonesha kwamba teknolojia inaweza kubadilika huku neno likibaki, na kwamba neno lililobaki linaweza kuendelea kufundisha kanuni ya mashine ambayo haipo tena. Mvuke ulifundisha kuogopa kupanda. Dizeli inadai kuogopa kushuka. Usanifishaji unaohesabu istilahi pekee hauoni badiliko hilo, kwa sababu katika orodha neno ni lilelile.

Mafundi wa mwaka 1916 waliilinda injini kwa tabaka la grisi kwa sababu walitarajia kwamba kuna watu wengine wangekuja kuitumia. Lugha ya chumba cha injini inahitaji maandalizi ya aina hiyo: ifanyiwe kazi leo, kwa sentensi chache zilizo wazi, kwa ajili ya fundi atakayepokea zamu bila kumfahamu aliyemtangulia.